Bango la Simba Mweusi

Ndoano mbili tupu. Ndizo zilizompokea Inspekta Gervas Lyaruu alipoingia katika baa ile asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa Mei 1976. Ndoano mbili za chuma ukutani, na chini yake alama ya mraba mkubwa ambapo rangi ya ukuta ilikuwa bado mpya kuliko kwingine kote.

"Lilikuwa hapo," alisema mwenye baa. "Miaka mitatu hakuna aliyeligusa."

Mwenye baa aliitwa Emrys Vaughan, mtu wa Wales, nchi ndogo ya milima na kondoo iliyo ubavuni mwa Uingereza. Alimfuata mke Stockholm, akafungua baa mtaa wa Södermalm na kuipa jina la mji alikozaliwa: Llangelyn. Na huo mji ulikuwa na nini? Mnada wa mifugo siku ya Jumanne, makanisa manne na baa saba, basi. Baa zenyewe zilikuwa zimefungwa moja baada ya nyingine, na Emrys, kwa uchungu wa mtu aliye mbali na kwao, aliyakusanya mabango yake yote saba, yale ya mbao yenye picha yanayotundikwa juu ya mlango, akayaleta Sweden kwa meli. Wateja walikunywa bia wakiwa wamezungukwa na Farasi Mweupe, Kengele Tatu na ndugu zao. Lililoibwa ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, bango la mwaloni kutoka baa ya marehemu baba yake: Simba Mweusi.

"Simba mweusi?" Gervas aliuliza. "Mimi natoka nchi ya simba, bwana. Mweusi sijapata kumwona."

"Sisi hatujapata kumwona wa rangi yoyote," Emrys alijibu bila kucheka. "Ndiyo maana tulimchora tulivyotaka."

Gervas alimpenda mtu yule papo hapo. Anayejua kujibu akiwa na msiba wake si mtu wa kubezwa.

Mnajua Gervas alivyofika huko. Hamjui? Haya. Alikuwa mpelelezi wa Moshi, miaka kumi na miwili kazini, na serikali ilimtuma Stockholm miezi sita akajifunze upelelezi wa kisasa. Kituoni wakampa kiti kando ya kabati la mafaili na wakamwacha hapo wiki sita. Aliwaamkia asubuhi, akawaaga jioni, tai imefungwa sawasawa, viatu vinang'aa. Jumatatu ile ndipo mkubwa wake wa zamu, Inspekta Sixten Hallgren, alipomwambia, "Twende. Ni ubao tu umeibwa, lakini utanyoosha miguu." Walizungumza Kiingereza, kwa sababu Kiswidi cha Gervas kilikuwa bado cha kuombea mkate dukani.

Hallgren hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na haraka kazini ni ugonjwa. Dakika ya kumi alikuwa amekwisha kupata mwizi.

"Mlango haukuvunjwa," alisema, akihesabu kwa vidole. "Funguo ziko tatu. Mmoja anao Vaughan, na jana alikuwa kwa wakwe zake na mkewe mchana kutwa. Wa pili anao mhudumu wa baa, naye tangu Jumamosi yuko kisiwani Gotland. Wa tatu anao yule."

Yule alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita hivi, aliyekaa karibu na mlango wa jikoni, mgongo umenyooka. Wilkister Akeyo, Mkenya, msafishaji. Mkoba wake Hallgren alikuwa ameumwaga wote mezani, mbele ya Emrys, mbele ya mpishi, mbele ya mtu aliyeleta soda. Kitana, leso, kadi ya treni, kitabu kinene cha mifupa ya binadamu. Akeyo hakuvitazama vitu vyake. Alimtazama Hallgren.

"Na kuna hiki," Hallgren aliongeza.

Juu ya kaunta kilikaa kikombe cha chai cha kauri nyembamba, na ndani yake mabaki yaliyokauka, rangi ya kahawia. Mwizi alikunywa kabla ya kuondoka. Tena alikuwa amefunga mapazia ya dirisha la barabarani, mapazia ambayo hayakuwahi kufungwa. Mama muuza tumbaku wa ng'ambo ya barabara alipita saa tano asubuhi ya Jumapili yakiwa wazi. Aliporudi saa saba mchana aliyakuta yamefungwa.

"Baa haifunguliwi Jumapili," Hallgren alisema. "Yeye ndiye husafisha siku hiyo asubuhi. Anasafisha, anaondoka, anarudi na mwenzake wa kubeba. Anafunga mapazia. Anakunywa chai. Wakenya na chai, si unawajua? Jumatano nampelekea mwendesha mashtaka faili."

"Na ubao auuzie nani?" Gervas aliuliza.

"Hilo atatuambia yeye."

Hallgren alitoka kwenda kupiga simu. Gervas alivuta kiti, lakini kabla ya kukaa alikusanya vile vitu mezani, kimoja kimoja, akavirudisha mkobani na kumkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili.

"Dada, naitwa Gervas Lyaruu. Natoka Moshi."

"Nimejua," alisema Akeyo. "Nilisikia Kiingereza chako."

"Na mimi nimesikia Kiswahili chako. Tumetoka sare."

Hakutabasamu, ila mabega yalishuka kidogo.

"Jana ulitoka hapa saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Ukaenda wapi?"

"Nyumbani, Alby. Nilikuwa nasoma."

"Nani alikuona?"

"Kitabu."

"Mtu, dada."

"Mtu hakuna. Bwanangu alirudi Kenya mwaka juzi, akanipata mimi nimekataa kurudi naye. Nakaa peke yangu."

"Chai unakunywa?"

"Kwetu nani hanywi chai?"

"Katika kikombe kile?"

Hapo Akeyo aligeuka akakitazama kikombe, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha mshangao. "Kile? Vile ni vya marehemu mamake mzee Vaughan. Viko sita, vinakaa kwa hilo kabati la vioo, havitumiwi na mtu. Mimi huvipangusa kila Jumapili na kuvihesabu. Chai yangu natoka nayo nyumbani kwa thamosi, na ina maziwa. Chai yao hapa ni maji ya moto yametishwa na majani."

Gervas alicheka. Akeyo hakucheka.

"Afande, nisikize. Ijumaa faili langu linaangaliwa idara ya wageni. Agosti naanza chuo cha uuguzi, barua ya kunikubali ninayo. Nimeosha vyoo vya watu hapa miaka mitatu nikingoja hiyo barua. Kama Jumatano nimeandikwa mwizi, Ijumaa wananirudisha. Hata nikishinda kesi baadaye, nitashindia Kisumu." Sauti yake ilitikisika, akaituliza mwenyewe. "Naogopa. Sitasema siogopi. Lakini kuomba huruma siombi, kwa sababu sijachukua kitu."

Gervas alikuwa amehoji wezi wengi maishani, na wasio wezi wengi zaidi. Alimwamini. Lakini kumwamini mtu si ushahidi, na yeye alijua hivyo kuliko yeyote.

Aliinuka akakiendea kikombe. Hakukishika. Aliinama tu, akanusa.

Haikuwa chai.

Akanusa tena, taratibu, macho ameyafumba. Uchungu wa shayiri iliyokaangwa, na uchachu wa kitu kilicholala usiku kucha. Ilikuwa bia, bia nyeusi iliyotoka kwenye pipa la hapo hapo kaunta. Alasiri mtaalamu wa maabara alithibitisha, na akaongeza jambo la pili: kwenye kikombe kulikuwa na alama ya dole gumba, lakini mistari yake imesagika, haifai kulinganishwa na ya mtu yeyote.

"Mikono ya namna hiyo ni ya mtu aliyeishi na dawa kali," mtaalamu alisema. "Sabuni za usafi, chokaa, tapentaini."

"Sabuni za usafi," Hallgren alirudia, akimtazama Gervas. "Unaona?"

"Bia," alisema Gervas. "Unaona?"

"Basi alikunywa bia."

"Kwa kikombe cha chai? Pale kaunta kuna bilauri mia mbili, safi, zimepangwa mbele ya macho yake. Anaziacha zote, anafungua kabati la vioo, anatoa kikombe cha marehemu, anajaza bia. Kwa nini?"

"Wezi hawana akili," alisema Hallgren, akarudi kwenye mafaili yake.

Swali lile halikumpa Gervas usingizi wala utulivu. Jumanne asubuhi alikaa kwenye kiti chake kando ya kabati, mikono kifuani. Bilauri mia mbili. Kikombe. Mapazia. Jumapili. Aliyapanga, akayapangua. Na ghafla akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka katibu muhtasi akasimamisha taipureta.

Kilichomchekesha ni baba yake mdogo, Januari, wa kule Kibosho. Wakati wa Kwaresima wanaume wa parokia waliahidi mbele ya altare kuacha mbege, pombe ya ndizi, siku arobaini. Na kila Jumapili ya Kwaresima, baada ya misa, nyumbani kwa Januari wanaume walijaa kwa heshima zote, wamevaa makoti, wanakunywa "chai". Birika kubwa mezani, vikombe na visahani vyake, mlango wa mbele umefungwa. Katekista akipita anaona watu wazima wanakunywa chai. Mbege ilikuwa ndani ya birika. Gervas alikulia mlemle, akimimina.

Mtu hanywi pombe kwa kikombe cha chai kwa sababu amekosa bilauri. Anakunywa hivyo kwa sababu kwao, siku hiyo, ndivyo inavyonywewa.

Alivaa koti akaenda Södermalm.

"Bwana Vaughan," alisema, "huko Llangelyn, Jumapili baa zilikuwa wazi?"

Emrys alikuwa anafuta kaunta. Aliacha. "Kwa nini unauliza?"

"Nijibu tu."

"Hazikuwa wazi. Sheria kwetu ilikuwa ya kura, kila baada ya miaka saba wilaya inaamua. Watu wa kanisa walishinda kila mara. Jumapili mlango wa baa unafungwa kwa ufunguo."

"Mlango upi?"

Emrys akakohoa. "Wa mbele."

"Na wa nyuma?"

Mtu mzima wa miaka hamsini aliona haya waziwazi, masikio yakawa mekundu.

"Baba alikuwa anafunga mapazia," alisema mwishowe. "Watu wanaingia kwa nyuma, wanasema kwa sauti ya chini. Na mama anawapa..." Akasita. Akageuka kulitazama lile kabati la vioo. "Anawapa vikombe vya chai. Ili konstebo akichungulia, aone chai."

"Konstebo hakujua?"

"Chenye ukingo wa buluu kilikuwa chake."

Gervas alijizuia kucheka, kwa heshima ya marehemu. "Sasa nisikilize. Aliyeingia humu Jumapili alifunga mapazia kwanza. Kisha akanywa bia yako kwa kikombe cha mama yako. Hakuwa anajificha, bwana. Alikuwa anashika adabu za kwenu. Mswidi hawezi kufanya hivyo, na Mkenya ndiyo kabisa. Stockholm nzima ina watu wangapi wa Llangelyn?"

"Mimi," alisema Emrys polepole. "Na mzee Idwal."

"Idwal ni nani?"

"Idwal Pugh. Alikuja kukaa na binti yake Skärholmen alipofiwa na mkewe. Kila Alhamisi anakaa pale, chini ya Simba. Hanywi zaidi ya bilauri mbili. Lakini Idwal! Huyo alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Na ufunguo hana."

"Mlango wako wa nyuma unatazama wapi?"

"Uani."

"Baba yako, Jumapili, aliyechelewa aliingiaje?"

Emrys aliweka kitambaa chini. Kisha akatoka nyuma ya kaunta, akapita jikoni, akafungua mlango wa uani. Nyuma ya bomba la maji ya mvua, usawa wa goti, palikuwa na msumari. Kwenye msumari ulining'inia ufunguo.

"Miaka mitatu," Gervas alisema, "na ulituambia funguo ni tatu."

"Huu sikuuhesabu." Emrys alikuwa amechanganyikiwa kweli. "Siku ya kwanza ya kufungua baa niliutundika kwa sababu baba alitundika. Huu si ufunguo wa... Ni desturi tu. Kwetu baa isiyo na ufunguo wa msumarini ni baa ya mtu mchoyo."

"Desturi yako ilikuwa inampeleka mwanamke wa watu Kisumu," alisema Gervas, na safari hii hakukuwa na mzaha sautini mwake. Emrys akainamisha kichwa.

Jumatano saa mbili asubuhi, faili la Akeyo likiwa tayari limefungwa kamba, Gervas alisimama mbele ya meza ya Hallgren akaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Hallgren alisikiliza akichezea kalamu.

"Unataka niende kwa mwendesha mashtaka na kikombe cha chai?"

"Wewe ulikuwa unakwenda nacho kikombe hichohicho. Tofauti ni kwamba mimi nilikinusa."

Hallgren aliiweka kalamu chini. Kisha akachukua funguo za gari. Nimesema hakuwa mtu mbaya.

Walimpitia Emrys, maana yeye ndiye angelitambua bango. Skärholmen wakapanda ghorofa ya nne. Mlango ulifunguliwa na mzee mwembamba wa miaka sitini na mitano, mikono ya shati imekunjwa, miwani minene. Harufu ya tapentaini, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ilitoka kabla yake. Aliona polisi wawili, akamwona Emrys nyuma yao, wala hakushtuka.

"Ingieni," alisema. "Lakini msikanyage magazeti."

Simba Mweusi alikuwa amelala chali mezani jikoni. Alikuwa simba wa ajabu kwelikweli, mkubwa, mwembamba kiuno, ulimi nje, kucha zote nje, na sura ya mtu aliyetukaniwa mama. Pembeni palikuwa na chupa, pamba na kisu kidogo butu. Kwenye kona ya chini, penye utepe wa rangi nyeusi, mzee alikuwa amekwangua sehemu ya urefu wa kidole. Chini ya weusi yalionekana maandishi ya dhahabu: *I. Pu*.

"Mzee Idwal," Gervas alisema, "ulilichukua bango hili Jumapili?"

"Nililichukua."

"Uliingia kwa ufunguo wa msumarini?"

"Kwa mlango upi mwingine, siku ya Jumapili?"

"Ukalibebaje?"

"Niliita teksi. Dereva akanisaidia. Kijana mstaarabu sana."

Hallgren aliyatazama mabuti yake. Kuulizia teksi kungemchukua saa moja tu, naye hakuulizia.

"Kwa nini?" aliuliza Gervas.

Mzee alikaa. Alijipangusa vidole kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine, vidole laini visivyo na mistari.

"Mwaka 1931 nilikuwa na miaka ishirini. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mkali, mpinga pombe namba moja wa wilaya. Nikamchorea baba yake Emrys simba huyu, nikaandika jina langu pale chini. Asubuhi lilipotundikwa mji mzima ulisimama barabarani kutazama. Mji mzima! Baba naye akapita akaenda kanisani, akaliona jina lake la ukoo kwenye ukuta wa baa. Jioni akaniapisha juu ya Biblia nisiseme kamwe, kwa mtu yeyote, kwamba mabango ya baa nayachora mimi. Baba yake Emrys akapaka rangi nyeusi juu ya jina, kwa kuheshimiana. Na yale sita mengine niliyachora, moja moja, sikuandika jina. Yote saba ni yangu."

"Yote?" Emrys alinong'ona. "Baba hakuniambia."

"Naye aliapa. Nilijua mwenyewe tu, nikaridhika. Maana kila nikitembea mjini nawaona wanyama wangu juu ya milango. Halafu baa zikafungwa. Nilidhani yamekwenda kuwa kuni. Nafika Stockholm, nageuza kichwa, nawaona wote saba ukutani kwako. Nililia chooni, Emrys. Hukujua." Alivuta pumzi. "Kila Alhamisi nilikaa chini yao nikiwasikia Waswidi wakiwasifu. Ilinitosha. Mpaka Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

Mzee aliuchomoa mfukoni ukurasa wa gazeti uliokunjwa. Palikuwa na picha ya Emrys na Simba, na binti wa mzee alikuwa amemtafsiria baba yake maneno ya chini. "Wameandika: 'Mchoraji hajulikani. Bila shaka ni fundi wa Kiingereza.'"

Akalirudia lile neno la mwisho, na shingo yake ikavimba.

"Wa Kiingereza! Nimevumilia kutokuwa na jina miaka arobaini na mitano. Lakini kazi ya mtu wa Wales wapewe Waingereza? Hapana, bwana. Niliapa nisiseme, na sijasema mpaka mliponiuliza ninyi polisi. Nilitaka jina litoke lenyewe pale lilipo. Macho yangu yanakwisha, daktari amenipa mwaka mmoja wa kuona. Nilikuwa nalirudisha Jumapili ijayo, nilitundike kimya, mtu asome."

Emrys alikuwa amevua kofia.

"Mzee," alisema Gervas, "kuna mtu ametuhumiwa badala yako. Yule dada msafishaji. Leo hii faili lake lilikuwa linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na keshokutwa angenyang'anywa kibali cha kukaa hapa."

Idwal Pugh alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Weupe ulimpanda usoni.

"Akeyo? Yule anayempangusa Simba kwa kitambaa kikavu, na ulimi kwa brashi laini? Ndiye peke yake anayejua kwamba ile ni rangi, si ubao!" Alikuwa anatafuta koti. "Twendeni. Twendeni sasa hivi niandike maelezo. Mungu anisamehe, mimi nilikuwa nalitafuta jina langu nikamchafulia mwenzangu lake."

"Nitaandika kwamba sikuibiwa," alisema Emrys. "Fundi alichukua kazi yake kuirekebisha."

"Utaandika ukweli," Hallgren alisema, "na mwendesha mashtaka ataamua. Lakini ukiandika hivyo, najua ataamuaje." Alitazama bango, akatazama saa. "Ushahidi hauguswi. Mimi nashuka kuwasha gari. Naweza kuchukua dakika kumi."

Akashuka. Emrys aliinua kiti kilichoanguka, Gervas akaishika taa karibu, na mzee akainama na pamba yake. Herufi mbili za mwisho zilitoka, na mwaka. *I. Pugh, 1931.* Gervas Lyaruu, Mchagga wa Kibosho, alijikuta amesimama wima kana kwamba ni bendera inayopandishwa. Aliona fahari, na wala hakujiuliza inamhusu nini.

Siku ya Alhamisi Akeyo aliitwa kituoni. Alikuja amevaa gauni la bluu na viatu vya kanisani. Hallgren alimpa kiti, hakukaa. Alimpa barua ya kupeleka idara ya wageni, yenye muhuri na sahihi. Akaisoma yote, amesimama, midomo ikienda taratibu na Kiswidi kile cha ofisini. Kisha akairudisha mezani.

"Hii siichukui."

"Inakuondolea tuhuma," Hallgren alisema. "Uko huru."

"Imeandikwa hapa 'kwa kukosekana ushahidi wa kutosha'. Maana yake niliiba, ila hamkuniweza."

"Ndivyo tunavyoandika siku zote."

"Siku zote mnamwandikia mtu mwingine. Leo mnaniandikia mimi. Mkoba wangu uliumwaga mbele ya watu. Andika kwamba sikuiba, na andika aliyechukua ni nani na amekiri. Nitangoja."

Wafanyakazi wa meza za jirani walikuwa wameacha kazi. Hallgren alimgeukia Gervas, labda akitafuta msaada. Gervas alikuwa ameshikilia karatasi mpya nyeupe, anamnyooshea.

Hallgren aliipokea, akaiingiza kwenye taipureta mwenyewe, akapiga neno kwa neno kwa vidole viwili. Alipomaliza aliinuka, akamkabidhi barua kwa mikono miwili, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kabati la mafaili: "Bibi Akeyo, nilikosa. Naomba radhi."

Akeyo aliisoma mara mbili. *Wilkister Akeyo hakutenda kosa lolote.* Aliikunja mara moja tu, asiuvunje muhuri, akaitia ndani ya kitabu chake cha mifupa.

"Asante," alisema. Mlangoni alipompita Gervas alipunguza mwendo. "Afande wa Moshi. Wewe ulivirudisha vitu vyangu mkobani kabla hujajua kama ni mimi."

"Ndiyo, dada."

"Nimeandikia mama yangu hilo."

Akatoka, mgongo umenyooka, akashuka ngazi bila haraka kuelekea kituo cha treni, maana Ijumaa saa mbili asubuhi alitakiwa idara ya wageni naye alitaka kupiga pasi gauni.